Bustani ya Achamore kisiwani Gigha: mama akija mwezi wa tano, inafaa kumpeleka?

Dada mmoja anaishi Glasgow kaniuliza hivi: mama yake anakuja kumtembelea mwezi wa tano kutoka Marangu, Kilimanjaro, ni mtu wa kihamba kabisa (lile shamba la nyumbani la Wachaga), anapenda mimea kuliko maduka, magoti yanamsumbua kidogo, na wao gari hawana. Kasikia kuna bustani ya zamani ndani ya msitu kwenye kisiwa kidogo kinaitwa Gigha, shemeji yeye anasema ni kupoteza hela kwenda kuangalia miti. Anataka kujua kama inafaa, wanafikaje, wataona nini hasa, na swali la mwisho nimelipenda sana, je mama akipenda ua anaweza kukata kijiti akapande nyumbani?

Dada, mpeleke. Tena mwezi wa tano ndo wenyewe, ungeniambia mwezi wa nane ningekwambia tafuta kitu kingine. Ila nataka mwende mkijua mnaangalia nini, manake watu wengi wanaingia pale wanakimbilia maua mekundu, wanapiga picha, nusu saa wametoka, afu wanasema mbona ni vichaka tu. Shemeji ataona miti tu kama hajaambiwa kwamba hiyo miti ndo kazi yenyewe, maua ni matokeo.

Gigha iko pwani ya magharibi ya Scotland, pembeni ya rasi ya Kintyre, kisiwa chembamba cha urefu wa kama kilomita 11 na watu wasiofika 200. Chukua ramani uangalie, iko karibu latitudo moja na Moscow. Moscow kwenye baridi kali ya Januari hakuna mmea wa nchi za joto unaopona nje, lakini Gigha barafu kali ni nadra kwasababu mkondo wa maji ya uvuguvugu wa Atlantiki unapita huku na bahari imekizunguka kisiwa pande zote. Afu kisiwa chenyewe kiko chini, kilima kirefu kuliko vyote kinaitwa Creag Bhàn na kina mita 100 tu, kwahiyo mawingu mengi yanapita juu yanaenda kumwaga maji kwenye milima ya bara. Baridi basi siyo adui. Adui ni upepo. Upepo wa Atlantiki unakuja na chumvi, unachoma majani kama yamemwagiwa maji ya moto, na kwenye sehemu za wazi za kile kisiwa utaona mti umelala upande mmoja miaka yote hauinuki. Ukishalielewa hilo tu, bustani nzima inafunguka.

Nyumba ya Achamore ilijengwa mwaka 1884 na familia ya Scarlett waliokuwa wamiliki wa kisiwa enzi hizo, na miti ya kinga ikapandwa kuizunguka, misikamori na mingine ya kuvumilia upepo. Ikakua miaka sitini hivi bila mtu kuifikiria kama bustani. Mwaka 1944 kisiwa kikanunuliwa na Sir James Horlick, wa ile familia ya kinywaji cha Horlicks, cha maziwa na kimea. Huyu bwana alikuwa anakaribia miaka 60, umri ambao wengi wanawaza kupumzika, na alikuwa na wazimu wa rododendroni, mimea ya maua nitakayoieleza hapo mbele, hasa zile laini ambazo kule kusini mwa Uingereza zinakufa na barafu usipoziweka kwenye nyumba ya vioo. Akaja akaukuta ule msitu. Kitu alichofanya, akisaidiwa na wataalamu kama James Russell na Kitty Lloyd Jones, ni kutoufyeka. Alikata vyumba ndani yake. Sehemu moja uwazi mdogo, sehemu nyingine njia, halafu ukuta wa miti unabaki, halafu uwazi mwingine, kila uwazi na mimea yake, na ukingo wa nje haukuguswa ili uendelee kupigwa na upepo badala ya maua.

Mama yako hii hutahitaji kumweleza mara mbili. Mwambie ni kama kihamba: mringaringa juu, migomba katikati, kahawa kwenye kivuli chake, na ukikata mti wa juu kwa tamaa ya mbao basi kahawa inakuonyesha mwaka unaofuata. Ni akili ileile, tofauti ni kwamba kule Marangu kivuli kinapambana na jua na huku kinapambana na upepo.

Horlick alipanda mpaka alipofariki mwishoni mwa mwaka 1972, karibu miaka 28 mfululizo, kwenye eneo la ekari zaidi ya 50.

Sasa rododendroni ni nini, manake mama atauliza. Ni jamii kubwa sana ya mimea, kuna za kufika kifundo cha mguu na kuna miti ya kupita nyumba, na nyumbani kwao hasa ni Himalaya, Yunnan kule Uchina, Burma, milima ya mvua nyingi na ukungu na hewa ya ubaridi. Ndo maana magharibi ya Scotland zimejisikia nyumbani, mvua ipo, ukungu upo, udongo una asidi. Afrika hatuna rododendroni hata moja ya asili, lakini tuna ndugu zake: ile miti ya erika ambayo wapagazi wa Kilimanjaro wanaipita kila siku ukishatoka msitu mkubwa, kwenye ile sehemu ya ukungu, hiyo ni familia moja na rododendroni, na ni familia moja pia na yale maua madogo ya zambarau yanayofunika milima ya Scotland mwezi wa nane. Kwahiyo mtu wa Marangu akienda Gigha anaenda kusalimia ukoo mmoja.

Mkifika msianze na maua. Anza na majani. Tafuteni zile zenye majani makubwa, rododendroni inayoitwa sinogrande jani lake linaweza kupita nusu mita, kuna jani unalishika kwa mikono miwili. Kuna macabeanum, hii ina maua ya njano yaliyofungana kama mpira, asili yake milima ya mpaka wa India na Burma, hii inawahi, mwezi wa tatu mpaka wa nne, mnaweza kukuta imeshamaliza lakini jani lake bado linatosha. Kuna falconeri. Zikiwa zimeota mahali penye upepo haya majani yote yangekuwa matambara ndani ya msimu mmoja, kwahiyo kila mkiona jani kubwa halijachanika jueni kuna ukuta wa miti mahali fulani nyuma yenu unafanya kazi, geukeni muutafute. Huo ndo mchezo ninaowafundisha watu kufanya kwenye bustani za msituni na ukishaanza huachi.

Halafu mgeuze jani uangalie chini yake. Aina nyingi zina manyoya laini ya rangi ya kutu, au ya fedha, au ya maziwa, unagusa kwa kidole unahisi kama kitambaa cha suwedi. Mama mtu wa mimea atakaa hapo muda mrefu, mwache akae. Hakikisha tu hakuna anayetafuna jani wala kunyonya ua, hasa kama mna watoto, rododendroni ina sumu kwenye majani na kwenye asali ya ua lake, kugusa hakuna shida kabisa. Na msikanyage chini ya shina ili mpige picha, mizizi yake iko juu juu sana, haizami, mguu wa mtu mmoja haudhuru ila miguu ya msimu mzima inaua mti wa miaka sabini.

Mwezi wa tano mtakuta pia azalia, na hizi ukitembea njia unazisikia harufu kabla hujaziona, na kwenye msitu wenyewe chini kunakuwa na maua ya mwituni ya bluu yenye umbo la vikengele, yamejaa ardhi nzima, hakuna aliyeyapanda. Kamelia nyingi zitakuwa zinamalizia, ila mwonyeshe mama jani lake, ling'aavyo na vile vimeno pembeni, afu muulize amewahi kuliona wapi. Kamelia na chai ni jenasi moja. Ile chai ya Mufindi na Rungwe na Kericho ni kamelia iliyokatwa fupi na kuchumwa kila mara isipate nafasi ya kuwa mti, na hapa anakutana na dada zake walioachiwa wakue wanavyotaka. Kuna na mti wa Chile unaitwa embothrium, maua mekundu ya moto kabisa, huo ukiwa kwenye saa yake, kuelekea mwisho wa mwezi wa tano, hata shemeji atanyamaza.

Ipo pia bustani yenye ukuta, hii ni tofauti na msitu, imezungushiwa ukuta wa mawe, ndani pana joto zaidi na mimea ya kupenda jua. Magoti yakichoka mwanzoni, mwanzie hapo. Na upande wa magharibi njia inapanda mpaka sehemu ya kutazamia, unatokeza ghafla kutoka kwenye miti unaona bahari na visiwa vya Islay na Jura mbele yako, na hapohapo upepo unakupiga usoni. Kama magoti yanaruhusu mpeleke taratibu, manake pale ndo anaelewa kwa mwili wake ile habari ya upepo, hatua chache nyuma hakukuwa na kitu na sasa skafu inataka kuondoka.

Niseme ukweli kuhusu hali ya bustani ili msije na matarajio ya bustani ya hoteli. Baada ya Horlick kisiwa kimeuzwa na kuuzwa, wamiliki wengine walijali wengine mambo yao yalikwama, mpaka tarehe 15 Machi 2002 wakazi wenyewe wakakinunua kwa kama pauni milioni 4, hela nyingi zikiwa za mfuko wa ardhi wa Scotland, uliotokana na bahati nasibu ya taifa. Wakati ule walikuwa wamebaki kama watu 98 tu. Milioni 1 ilikuwa ni ya kurudisha ndani ya miaka miwili na wakairudisha 2004, na njia mojawapo ilikuwa kuuza ile nyumba ya Achamore, bustani wakabaki nayo wao. Kwahiyo nyumba ni ya mtu binafsi, msipite uani kwake wala kupiga picha madirishani, bustani ni ya wanakisiwa kupitia taasisi yao, Isle of Gigha Heritage Trust. Sasa fikiria watu wachache hivo, wana shule, wana nyumba za kukarabati, wana mitambo ya upepo kule kusini ya kisiwa inayowaingizia kipato, na juu ya hayo wana ekari zaidi ya 50 za mimea adimu inayokua kila mwaka inataka kupogolewa. Mtakuta sehemu rododendroni zimefunga njia, mtakuta mti umeangushwa na dhoruba bado umelala, vibao vya majina vingine havipo. Mimi hilo haliniudhi hata kidogo, bustani ya msituni ikiwa na uzee wake inapendeza kuliko ikinyolewa, ila lipeni kiingilio chote hata kama hakuna mtu amesimama mlangoni, bebeni sarafu na noti, ile hela inaenda moja kwa moja kwenye panga na msumeno.

Kufika bila gari inawezekana vizuri tu. Kutoka Glasgow, stendi ya Buchanan, kuna basi la Citylink la kwenda Campbeltown, namba 926, mnashuka Tayinloan, ni mwendo wa kama saa tatu na nusu. Njia yenyewe ni safari tosha, mnapita kando ya Loch Lomond, mnapanda ule mlima wanauita Rest and Be Thankful, mnashuka Inveraray, kwenye kupita Loch Lomond kaeni upande wa kulia, maji yako kulia mkitoka Glasgow. Ule mlima una tabia ya kuporomosha udongo mvua ikizidi, barabara inafungwa, kwahiyo asubuhi angalieni kwanza hali ya barabara ya A83. Tayinloan mnatembea kidogo mpaka gati, feri ya CalMac inavuka dakika 20, mtembea kwa miguu hahitaji kubook. Mkishuka upande wa pili mko kijiji cha Ardminish, na bustani iko kusini, kwa mguu wa kawaida ni nusu saa na kitu kwenye barabara ya lami, ni nyembamba ya gari moja lakini magari ni machache na watu wanapunga mkono.

Kwa magoti ya mama hapo ndo pa kufikiria. Kutembea kwenda, kuzunguka bustani, kutembea kurudi, yote siku moja baada ya karibu saa nne kwenye basi, ni nyingi. Ushauri wangu laleni kisiwani usiku mmoja, Gigha Hotel iko karibu na gati na kuna nyumba za wageni, pigeni simu mapema manake vyumba ni vichache na mwezi wa tano wapenda bustani wote wanakuja, na hapohapo waulizeni kama kuna mtu wa kuwapeleka mpaka mlangoni kwa gari. Kisiwa kidogo, ukiuliza kwa heshima unapata. Mkilala mnapata na kitu kingine, jioni ya mwezi wa tano jua linazama baada ya saa tatu usiku, kwahiyo mnaweza kuingia bustani mara mbili, jioni ya siku ya kwanza na asubuhi ya siku ya pili, na mwanga wa asubuhi na wa jioni unapita kwenye yale majani makubwa tofauti kabisa na wa saa sita.

Kama kulala haiwezekani na siku ni moja tu basi ningebadilisha kisiwa, nendeni Arran, bustani ya Brodick Castle, treni na feri kutoka Glasgow, rododendroni zake nazo zina sifa na huduma ziko nyingi zaidi. Siyo Gigha lakini magoti yatashukuru.

Nguo: mama asidanganywe na jua la dirishani. Sweta, koti la mvua lenye kofia, na viatu vya soli ya kushika kwasababu njia za ndani ni udongo na majani yaliyooza, zikilowa zinateleza, na fimbo ya kutembelea aibebe hata kama anasema hahitaji. Soksi nje ya suruali, kupe wapo kwenye majani marefu na wa huku wana ugonjwa wa Lyme, mkirudi chumbani mkaguane miguu. Visubi kwa mwezi wa tano bado hawajachachamaa. Chakula beba kidogo cha mkononi hata kama mmepanga kula hotelini au pale Boathouse ufukweni, saa za kufungua zinabadilika. Na kati ya kijiji na bustani kuna magofu ya kanisa la Kilchattan, la karne ya 13, na mawe ya makaburi yaliyochongwa, ni pa kupumzikia vizuri njiani.

Viatu hivyo hivyo visafisheni udongo kabla ya kwenda na baada ya kurudi, hili silisemi kwa utaratibu tu. Kuna ugonjwa unaitwa Phytophthora ramorum, unaua miti mingi sana magharibi ya Scotland, hasa milachi, miti ya jamii ya misonobari, na rododendroni ya mwituni inayoitwa ponticum, ile ya zambarau iliyovamia misitu, inaubeba na kuusambaza. Unasafiri kwenye matone ya mvua na kwenye tope la kiatu. Bustani ya miaka themanini inaweza kulazimika kukatwa robo yake kwa kijidudu ambacho macho hayakioni.

Na hapo ndo jibu la kijiti. Hapana dada, mama asikate kitu, hata kidogo, hata kilichodondoka. Kwanza ni mali ya watu, pili kupeleka mmea hai Tanzania bila cheti cha afya ya mimea na kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, ni kosa, na sababu iko wazi, mtu anayeishi katikati ya kahawa na parachichi na migomba hatakiwi kuwa ndo amebeba ugonjwa mpya kwenye begi. Apige picha za majani, juu na chini, aandike jina pale kibao kipo.

Afu akirudi atafute azalia kwenye kitalu cha maua huko huko nyanda za juu, zinapatikana, nazo ni rododendroni kabisa, ndogo tu. Marangu kwa ubaridi wake na mvua zake zinaweza kukaa vizuri. Aipande kwenye kivuli chepesi, upande unaopata jua la asubuhi, asiizike ndani sana, shina libaki usawa uleule lilivyokuwa kwenye kopo. Juu aweke matandazo ya majani yaliyooza, mabaki ya kahawa pia yanafaa kwa kiasi, na asipige jembe karibu nayo. Kitu kimoja amwambie kila mtu nyumbani: majivu ya jikoni yasimwagwe hapo. Najua kwenye kihamba majivu yanaenda kila mahali na migomba inayafurahia, lakini majivu yanaondoa asidi kwenye udongo, na azalia bila asidi inaanza kuwa njano majani huku mishipa imebaki kijani, ukiona hivo acha kuongeza mbolea, ondoa majivu, ongeza matandazo, mwagilia maji ya mvua, usubiri.

Mfikishie mama shikamoo yangu.